Kristali ya vanadati ya mchanganyiko: itaiponya mashine yangu ya kuchonga?

*"Nina duka dogo la kuchonga majina na nembo hapa Ngamiani, Tanga: kalamu, visu, pete, vikombe vya chuma, vibati vya namba za mali za ofisi. Mashine yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Ni ya leza ya wati 10, inapozwa kwa maji, na ndani yake kuna kristali ya vanadati yenye neodimi. Mwaka wa kwanza nilichonga kalamu kwa asilimia 40 tu ya nguvu. Tangu kaskazi iliyopita mambo yamebadilika: asubuhi inataka asilimia 60, na kufika saa nane mchana hata 90 haitoshi. Chila, yaani kile kipoza maji chake, nimeiweka nyuzi 20 kama kitabu kinavyosema. Kiyoyozi kipo, lakini mchana mlango uko wazi kwa ajili ya wateja. Muuzaji wa vipuri wa nje ananishauri niweke kristali ya mchanganyiko, yenye itriamu na gadolini pamoja. Anasema inatoa nguvu maradufu, inapitisha joto vizuri zaidi na haiogopi hewa ya pwani. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kawaida. Fundi wangu anasema unyevu wa bahari umeshaila kristali ya sasa. Nimwamini nani? Na huo mchanganyiko ni kitu gani hasa? Mdogo wangu ndiye anayefungua kichwa cha mashine kusafisha. Anasema mwanga wenyewe hauonekani, kwa hiyo hauna madhara makubwa."*

Ndugu yangu, nianze na mdogo wako, kwa sababu la kwake halingoji. Mwanga unaotoka kwenye mashine yako una urefu wa wimbi wa nanomita 1064, na ule wa diodi zinazoilisha kristali ni wa nanomita 808 hivi. Wa kwanza jicho haliuoni kabisa. Wa pili huonekana kama wekundu hafifu usiotisha mtu. Lakini konea na lenzi ya jicho huipitisha yote miwili mpaka kwenye retina na kuikusanya kwenye nukta moja. Kwa kuwa hauonekani, kope hazifumbi, na kwa kuwa retina haina hisia ya maumivu, mtu huja kugundua kuwa ameungua anapoona doa jeusi katikati ya kile anachokitazama. Leza ya wati 10 iko daraja la 4, ambalo ndilo la juu kabisa na huanzia nusu wati. Katika daraja hilo hata mwanga uliogonga chuma na kurudi unaweza kuumiza. Miwani ya jua haisaidii, na ya kuchomelea nisingeitegemea. Inatakiwa miwani iliyoandikwa kuwa inakinga 808 na 1064, zote mbili. Mpaka ifike, kifuniko kisifunguliwe mashine ikiwa na umeme. Na kama mdogo wako ameshaanza kuona doa, au mistari iliyonyooka anaiona imepinda, aende leo hii kitengo cha macho Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na aseme wazi kwamba anafanya kazi na leza ya infraredi. Asipolisema hilo, daktari hatakuwa na sababu ya kulifikiria.

Tukija kwenye mabishano yako, muuzaji na fundi kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila vipande hivyo ukiviunganisha havikupi jibu. Kristali ya mchanganyiko ni kitu halisi, si utapeli. Zipo kazi inazozifanya vizuri kuliko kristali safi, isipokuwa kazi yako si mojawapo. Na kristali uliyo nayo haijaliwa na unyevu. Kama imeumia, ninayemshuku kwanza ni chila yako. Nitafika huko, lakini nataka kwanza uielewe bidhaa unayouziwa, maana bei yake si ya kubahatisha.

Ndani ya kichwa cha mashine kuna kipande mfano wa kioo, pengine cha milimita 3 kwa 3 kwa urefu wa 10. Ni vanadati ya itriamu, ambayo wakemia huiandika YVO4: itriamu, vanadiamu na oksijeni. Ikiwa tupu haikupi leza unayoitaka. Inapokuzwa, sehemu ndogo ya atomu za itriamu, mara nyingi kati ya 3 katika kila 1000 na 1 katika kila 100, huachia nafasi zao kwa neodimi. Neodimi ndiye mfanyakazi humo ndani. Humeza mwanga wa diodi wa nanomita 808, hupanda ngazi ya juu ya nishati, hukaa hapo kwa wastani wa mikrosekunde 90 hadi 100, kisha hushuka ikitoa mwanga wa nanomita 1064.

Fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayotoka ina nishati ndogo kuliko ile iliyoingia. Tofauti hiyo, karibu asilimia 24, hubaki ndani ya kristali kuwa joto, na haikwepeki maadamu unailisha kwa 808. Hapo ndipo dai la "nguvu maradufu" linapoanguka. Nguvu ya mashine huanzia kwenye diodi, na kristali hubadilisha tu mwanga wa aina moja kuwa wa aina nyingine. Vanadati safi iliyopangwa vizuri hugeuza zaidi ya nusu ya mwanga inaoumeza kuwa leza. Ukizidisha nusu hiyo mara mbili unavuka asilimia 76, ambayo ni dari iliyowekwa na maumbile. Atakayekuahidi maradufu kwa diodi zilezile hajapiga hesabu, au anatumaini wewe hutapiga.

Historia yake fupi inasaidia kuelewa kwa nini vitu hivi vipo. Leza ya neodimi ndani ya YAG, yaani ganeti ya itriamu na alumini, ilipatikana mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, 1966, J. R. O'Connor alionyesha kuwa vanadati ya itriamu nayo inafaa sana. Lakini kuikuza ilikuwa shida. Inayeyuka kwenye nyuzi 1800 hivi, ndani ya chungu cha madini ya iridi, na oksidi ya vanadiamu hupenda kuruka kama mvuke au kupoteza oksijeni, kristali ikatoka na weusi au na chembe ndani. Zama hizo leza zilisukumwa kwa taa kubwa zilizotaka fimbo ndefu, na YAG ikatamba. Mambo yaligeuka miaka ya 1980 diodi zilipoanza kutumika, kwani diodi inataka kristali fupi inayomeza mwanga upesi, na hapo vanadati haina mpinzani. Vanadati ya gadolini ilifuata mwaka 1992, ya luteti mwaka 2002. Wakishakuwa na hizo tatu, wakuzaji kristali hawakukawia kujiuliza zikichanganywa itakuwaje.

Zinachanganyika kwa sababu ni ndugu. Ioni za itriamu, gadolini na luteti zote zina chaji tatu chanya, na ukubwa wao unakaribiana: nusukipenyo cha itriamu ni angstromu 1.02 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), cha gadolini 1.05, cha luteti 0.98. Vanadati zao zote hujipanga katika umbo lilelile la zirkoni. Kwa hiyo unaweza kuyeyusha itriamu na gadolini katika chungu kimoja kwa uwiano wowote, ukavuta kristali moja nzima. Usidhani ni vipande vya kristali mbili vilivyogandishwa pamoja. Ni kristali moja ambayo katika nafasi ile ya itriamu, humu kakaa itriamu, pale kakaa gadolini, bila mpangilio. Lantani, ndugu yao mnene zaidi, haingii kirahisi hivyo, kwa kuwa vanadati yake kwa kawaida huchukua umbo jingine, la monaziti, na hivyo huweza kutiwa kidogo tu.

Sasa fikiria ioni ya neodimi iliyokaa katikati ya majirani hao. Urefu wa wimbi inaoutoa hutegemea kidogo namna majirani wanavyoivuta na kuisukuma. Katika kristali safi kila neodimi ina majirani wa aina moja, kwa hiyo zote hutoa karibu wimbi lilelile: nanomita 1064.3 katika vanadati ya itriamu, 1063 na ushei katika ya gadolini. Katika mchanganyiko, huyu amezungukwa na itriamu wengi, yule na gadolini wengi, mwingine nusu kwa nusu. Wewe ni mtu wa Tanga, taarabu unaijua: fidla zote zikiwa zimekazwa nyuzi sawasawa, noti moja hutoka kali na kilele chake ni kirefu, kila fidla ikipishana na mwenzake kwa unywele, sauti ileile hutanuka, na kilele hushuka. Mwanga wa neodimi hufanya hivyohivyo. Mstari wake unakuwa mpana zaidi na kilele chake kinapungua.

Kilele hicho si jambo la mapambo. Ndicho kinachopima jinsi fotoni moja inayopita inavyoweza kuishawishi ioni itoe fotoni ya pili, yaani jinsi kristali inavyokuza mwanga. Kwa vanadati ya itriamu iliyokatwa kwa mhimili wa a (mmoja wa mielekeo ya kristali), namba inayotumika sana ni 25 × 10⁻¹⁹ za sentimita ya mraba. Kwa YAG ni 2.8 × 10⁻¹⁹. Karibu mara tisa. Vanadati ya mchanganyiko hushuka chini ya ile ya itriamu safi. Kwa maneno mengine, kristali unayouziwa kwa bei maradufu inakuza mwanga kidogo kuliko ile iliyomo ndani ya mashine yako sasa.

Ni nani basi anayelipia kitu kinachokuza kidogo? Wapo, na wana sababu nzuri. Kristali yenye ukuzaji mkali ni kama inakosa subira, haiwezi kuweka akiba kubwa. Ukiilisha nishati ukiwa umefunga njia ya leza, mwanga mdogo unaozaliwa wenyewe ndani yake hukuzwa na kuanza kuimwaga akiba kabla hujafungua. Ukipunguza ukuzaji, kristali hushika nishati zaidi, na ukifungua njia ghafla hutoka pigo moja kubwa na fupi. Hilo ni muhimu hasa katika leza ndogo ambazo swichi yake ya Q, yaani kile kinachofunga na kufungua njia ya leza, haina umeme, ni kipande cha YAG yenye kromi tu. Kipande hicho huzuia mwanga mpaka ufike kiwango fulani, kisha hujaa na kuwa wazi. Ili kifanye kazi sawasawa, lazima kijae kabla neodimi haijamaliza akiba yake. Kwa YAG yenye neodimi sharti hilo hutimia kwa urahisi, kwa kuwa kromi humeza mwanga kwa nguvu zaidi ya mara kumi ya ile neodimi inayoutolea. Kwa vanadati ya itriamu uwiano huo huporomoka hadi mara mbili au tatu, na mjenzi hulazimika kubana miale ndani ya kromi kwa lenzi na vioo ili kufidia. Vanadati ya mchanganyiko huurudisha uwiano huo mahali pazuri bila kupoteza umezaji wake wa haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shandong kule Jinan, China, wameifanyia kazi sana aina hii, na mapigo ya kromi kwenye vanadati za mchanganyiko hutoka mafupi na yenye nishati zaidi kuliko kwenye kristali safi.

Matumizi ya pili ni leza za pikosekunde, ambayo ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Pigo fupi linahitaji mstari mpana wa rangi. Hiyo ni sheria ya mawimbi, haina ujanja. Upana wa nanomita moja kwenye 1064 unaruhusu pigo la kama pikosekunde 1.2, na ukitaka kwenda chini zaidi sharti uutanue mstari. Hapo kutanuka kule, ambako kwako ni hasara, kunageuka kuwa mtaji.

Mashine yako haiko katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Mashine za aina yako zina swichi ya Q inayoendeshwa kwa umeme na mawimbi ya sauti, na kwa kuchonga kalamu na vibati pengine unaiendesha kati ya kilohezi 20 na 80, yaani mapigo 20,000 hadi 80,000 kwa sekunde. Ukiwa kwenye kilohezi 50, muda kati ya pigo na pigo ni mikrosekunde 20. Neodimi inaweza kushika nishati kwa mikrosekunde 90 au zaidi, kwa hiyo akiba haina hata nafasi ya kujaa, na sifa ya "kuweka akiba kubwa" haina pa kutumika. Kila pigo linabeba wati 10 zikigawanywa kwa mapigo 50,000, yaani milijuli 0.2, iwe kristali safi au ya mchanganyiko. Kwenye kasi kama hiyo unachohitaji ni kristali inayoamka upesi na kumwaga kwa nguvu, na vanadati ya itriamu tupu ndiyo bingwa wa hilo. Ungeniambia unachonga kwa kilohezi 2 au 3, kwa mapigo makubwa ya kuchimba chuma kwa kina, ningesema tujadiliane. Lakini kwa kazi hiyo ningekupeleka kwanza kwenye YAG, ambayo neodimi yake hukaa juu mikrosekunde 230 na bei yake ni ya chini.

Kuhusu joto, muuzaji anarudia hadithi ya zamani. Miaka ya 1990 ilipimwa kuwa vanadati ya gadolini hupitisha joto karibu wati 12 kwa mita kwa kila nyuzi, na ya itriamu 5 tu. Namba hizo bado zinazunguka kwenye karatasi za wauzaji. Mwaka 2006 Yoichi Sato na Takunori Taira wa Japani walipopima kristali zote kwa njia moja, ile ya itriamu haikuwa nyuma ya ile ya gadolini. Na hata kama ya gadolini ingekuwa bora mara mbili, bado isingefuata kuwa mchanganyiko ni bora. Joto husafiri ndani ya kristali kama mitikisiko inayopokezana kutoka atomu hadi atomu. Atomu zikiwa za uzito mmoja, mtikisiko hupita kwa utulivu. Uzito wa atomu ya itriamu ni 89, wa gadolini 157. Ukizipanga ovyo, kila zinapokutana mtikisiko hutawanyika, na joto hukwama. Kwa hiyo kristali ya mchanganyiko kwa kawaida hupitisha joto vibaya kuliko wazazi wake wote wawili. Itriamu na luteti, 89 kwa 175, zimepishana zaidi. Gadolini na luteti, 157 kwa 175, zina nafuu. Kama kuna siku utalazimika kununua ya mchanganyiko, angalau uchague ndoa ya wanaokaribiana uzito.

Joto likikwama, katikati ya kristali kunakuwa na moto kuliko kingo, na kristali yenyewe hugeuka lenzi. Vioo vya leza yako vimewekwa kwa kukadiria lenzi ya nguvu fulani. Ikizidi, miale inapoteza umbo, inatoka nje ya njia yake, na nguvu inashuka. Maana yake tatizo lako la saa nane mchana, ukiweka kristali ya mchanganyiko, kuna uwezekano mkubwa likazidi.

Sasa tulitazame tatizo lenyewe. Maelezo yako yana jambo ambalo fundi amelipita bila kuliona. Kutoka asilimia 40 hadi 60 ni hasara ya kudumu. Kutoka 60 asubuhi hadi zaidi ya 90 mchana, kisha kurudi 60 kesho yake, ni hasara inayopona usiku. Kristali iliyoungua haiponi usiku. Kwa hiyo una magonjwa mawili, na lile linaloua biashara yako kila mchana halikai ndani ya kristali hata kidogo.

La mchana ni la joto na umande. Vanadati haifyonzi maji, wala haiyeyuki kwenye hewa ya chumvi. Hapo fundi amekosea. Mashine za mwanga wa kijani huwa na kristali nyingine ya kugeuza rangi, na baadhi ya hizo, kama LBO, ndizo zinazotaka kukingwa na unyevu. Yako ni ya 1064 tupu, haina hiyo. Lakini hewa ya Tanga mwezi wa pili, ikiwa nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye baridi ya nyuzi 26 kushuka chini. Wewe chila umeiweka 20. Kitabu kiliandikiwa chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi saa zote, si duka la Ngamiani lenye mlango wazi. Shaba inayoshika kristali ikiwa nyuzi 20, inatoka jasho kama glasi ya maji ya baridi, na kichwa cha mashine kilichofunguliwa mara kwa mara kusafishwa hakina tena muhuri wa kuzuia hewa. Ukungu mwembamba juu ya uso wa kristali unatosha kutawanya mwanga na kuangusha nguvu. Usiku mashine ikizimwa, unakauka. Na ukungu huo ukikutana na vumbi na miale ya leza, ndipo rangi ya kinga iliyopakwa kwenye uso wa kristali, ile inayozuia mwanga usiakisiwe, inapoungua kidogokidogo. Huenda hilo ndilo sehemu ya ugonjwa wa pili, ule wa kudumu.

Kuna na diodi. Mwanga wake huhama kama nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Chila ikizidiwa mchana, maji yakapanda nyuzi 7, diodi inahama nanomita 2 nje ya pale neodimi inapomeza vizuri. Vanadati ina msamaha hapo kuliko YAG, kwa kuwa mkanda wake wa kumeza ni mpana, lakini msamaha una mwisho. Soma joto halisi la maji kwenye kioo cha chila saa nane mchana, usisome lile uliloweka. Kama kinaonyesha 26 wakati umeweka 20, chila imeshindwa: safisha matundu yake ya hewa, badilisha maji, iondoe ukutani.

Ningekuwa wewe, wiki hii ningefanya hivi. Mlango wa chumba cha mashine ufungwe, hata kama ni kwa kukata duka kwa pazia zito la plastiki, na kiyoyozi kiwashwe nusu saa kabla ya chila. Kichwa cha mashine kirudishiwe raba zake za muhuri na kiwekewe vifuko vya silika vya kukausha, vibadilishwe vinapochoka. Chila uipandishe hadi nyuzi 25 au 26, lakini kwanza uangalie kwenye kitabu kiwango cha juu ambacho diodi zako zinaruhusu, kwa sababu diodi zinazofanya kazi kwenye joto huishi maisha mafupi. Na umeme ukikatika ukarudi, uangalie: chila nyingi hujiwasha zenyewe, viyoyozi vingi havijiwashi. Saa moja ya hali hiyo inatosha kulowesha kila kitu ndani.

Hasara ya kudumu inahitaji mtu na kifaa. Tafuta fundi mwenye kipimo cha nguvu ya leza, siyo anayekisia kwa kuangalia alama kwenye kibati. Apime asubuhi na mchana kwa mkondo uleule wa diodi, kisha apime mwanga wa diodi peke yake kabla haujaingia kwenye kristali. Kama diodi zimechoka, na katika mashine iliyokwisha kutumika hilo ndilo la kawaida, hakuna kristali duniani itakayokusaidia. Lenzi ya mwisho, ile inayoelekea kwenye kazi, nayo itazamwe. Moshi wa kuchonga huiziba taratibu na ni kitu cha kusafisha kwa dakika chache. Baada ya hayo, mashine ikiwa imechomolewa kabisa ukutani, uso wa kristali utazamwe kwa lenzi ya kukuza. Doa jeupe au duara lililobabuka katikati ndiyo alama ya kuungua. Asiusugue. Vanadati ni laini, inakaribia kioo cha dirisha, si ngumu kama YAG, na mkwaruzo ni kristali mpya. Kazi hii usiifanye mwenyewe wala usimwachie mdogo wako, kwa sababu kurudisha kristali mahali pake kunataka karatasi nyembamba ya indi, metali laini, kuizunguka na vioo kupangwa upya. Tanga ukikosa mtu, ni heri kupeleka kichwa Dar es Salaam kuliko kujaribu.

Ikithibitika kuwa uso umeungua, nunua vanadati ya itriamu ya kawaida, na fedha unayookoa uiweke kwenye mambo mawili ambayo muuzaji hakukutajia. La kwanza ni kiasi cha neodimi. Kristali yenye asilimia 1 humeza asilimia 95 ya mwanga wa diodi ndani ya milimita ya kwanza tu, joto lote likarundikana hapo mlangoni. Yenye asilimia 0.3 huhitaji zaidi ya milimita 3 kumeza kiasi hichohicho, na joto hutawanyika kwa urefu. Kwa wati 10 na joto letu la pwani, 0.3 yenye urefu wa milimita 10 itakupa utulivu mkubwa kuliko mchanganyiko wowote. La pili ni mkato na rangi ya kinga: mkato wa mhimili wa a, kinga ya 808 na 1064 kwenye nyuso zote mbili, na vipimo vile vya kristali ya sasa, uvipate kwa kupima wala si kwa kukumbuka. Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo vya kipande hicho hasa. Akikutumia picha ya tangazo badala yake, nunua kwa mwingine.